Kiunzi cha Mtepe Mlangoni

Makumbusho yale sitayataja kwa jina, kwa sababu kosa lilikuwa langu peke yangu. Yamo ndani ya nyumba ya kale ya mawe katika mwambao wa Kenya, nami nilialikwa kutengeneza kazi ya sanaa itakayopata umbo lake kutokana na jengo lenyewe. Anayezifahamu nyumba hizo anajua kwamba vyumba vyake ni virefu na vyembamba, kwa kuwa dari hubebwa na boriti za mikoko, na urefu wa boriti ndio unaoamua upana wa chumba. Niliazimia kuujaza upana huo, ukuta hadi ukuta, kwa kiunzi cha mtepe, chombo cha kale kilichoshonwa kwa kamba za makumbi badala ya kupigwa misumari.

Nilipima ukumbi kwa siku mbili. Nilipima zidaka, vile vishubaka vya ukutani, nikapima dari, nikapima hata kivuli cha dirisha saa tisa alasiri, jambo ambalo hadi leo sijui lilikuwa la nini. Kisha, kwa kuwa vumbi la mbao halikutakiwa ndani, nikakishona kiunzi nje kwa wiki tatu: upana mita 2.4, kina mita 1.6, nacho, kama kilivyosema kibao cha maelezo kilichokwisha kuchapwa, kilikuwa “kitu kimoja kisichogawanyika”.

Asubuhi ya ufunguzi wachukuzi sita walikibeba hadi mlangoni, wakasimama, wakanitazama. Mlango ulikuwa na upana wa mita 1.1. Tulikilaza, tukakisimamisha, tukakipindua kichwa chini, kikaingia nusu kisha kikakataa kwenda mbele na kurudi nyuma, huku mgeni rasmi akiwa amekwisha kuingia ndani. Kwa muda wa saa mbili alipokezwa kahawa na tende kupitia katikati ya mbavu za mtepe, kwa adabu kubwa.

Katika kuhangaika kwangu nilipendekeza fremu ya mlango ing’olewe. Nilimweleza seremala mzee aliyeitwa kutuokoa kwamba mwaka 2007, kule Tate Modern, jumba la sanaa la London, katika ukumbi mkubwa uliokuwa wa mitambo ya umeme, msanii Doris Salcedo aliweka ufa wa mita 167 sakafuni, na watu wakaenda kuutazama.

“Mwanangu,” akasema, “huyo mama alipewa sakafu. Wewe nani amekupa mlango? Lete msumeno.”

Akakipasua kwa urefu, kufuata mkuku, yaani ule uti wa chini wa chombo, bila kunitazama usoni. Vipande viwili vikapita, na hapo ndipo tulipogundua kwamba kuta za ukumbi hazikwenda sambamba: mwisho mmoja ulikuwa mwembamba kuliko mwingine kwa shubiri nzima, nami upana nilikuwa nimeupima mahali pamoja tu, penye kile kivuli. Kiunzi kizima kisingeenea hata kama kingepita. Vipande viwili, vikisogezwa huku na huku, vilienea kabisa.

Mzee alivaa miwani, akasoma kibao neno kwa neno, akarudia “kisichogawanyika” mara mbili, kisha akaniuliza nusu yake itauzwa kwa bei gani.