Orijino ipi sasa?

Jamani hili neno orijino wauza simu wamelichosha. Juzi nimeenda Kariakoo kununua chaja, kijana ananiwekea tatu juu ya kioo, dada hii orijino, hii orijino kabisa, na hii ndo orijino yenyewe, bei zote tofauti! Nkamuuliza, "mdogo wangu, kama hiyo ya mwisho ndo yenyewe hizo mbili ni nini?" Ananijibu "hizo orijino kopi." Orijino kopi! Neno lenyewe Waingereza wamelitoa kwenye Kilatini, origo, yaani chimbuko, kitu kilivyotoka kwa aliyekitengeneza, ukishakiiga tu hiyo ni nakala hata iwe nzuri vipi.

Basi nkatoa elfu 25 nkachukua hiyo yenyewe, siku ya nne tu waya umechanika pale shingoni nyaya nyekundu zinaonekana, kichwa cha chaja kina moto huwezi kukishika, na mwanangu alikuwa amelala pembeni yake. Inaniuma sana hii. Feki niambie feki, ninunue nikijua, au niache hela yangu mfukoni.