Acheni kutuambia tujikaze

Katika foleni ya mchezo wa simuleta hakosi mtu anayesitasita, na pembeni yake wenzake wanaomsukuma. "Twende bwana, ni dakika tano tu! Jikaze!" Akikubali, hutokea mlango wa pili uso umepauka na shingo imelowa jasho la baridi, anatafuta pa kukaa. Akikataa, ataitwa mwoga hadi jioni. Mimi ni mmoja wa hao wanaositasita, na ninaandika haya kwa sababu nimechoka kuona jambo la masikio likihukumiwa kama jambo la ujasiri.

Nazungumzia ile michezo ambayo mnafungiwa kwenye chumba au kwenye viti vyenye mikanda, mbele yenu skrini kubwa, na chini yenu mashine inayotikisa kila kitu kulingana na picha. Mnaruka angani, mnakwepa majengo, mnatumbukia korongoni, na kumbe hamjasogea hata hatua chache kutoka mlipoketi. Rolakosta halisi, ile ya reli inayokupindua kichwa chini miguu juu, mimi hupanda na kushuka nikicheka. Nikikalishwa mbele ya skrini, roho inachafuka kabla safari haijafika nusu. Wapo wengi kama mimi, na kama tatizo lingekuwa woga, ingepaswa kuwa kinyume chake.

Ndani ya kila sikio, mbali kabisa na ngoma, kuna mirija mitatu ya nusu duara iliyojaa majimaji. Hiyo ndiyo inayotambua kichwa kikigeuka. Karibu nayo kuna vifuko viwili vyenye chembe ndogo za chokaa, vinavyohisi mwendo wa kwenda mbele, wa kupanda na kushuka, na pia mvutano wa dunia. Kila wakati ubongo unalinganisha taarifa za viungo hivyo na za macho, misuli na viungio. Kwenye rolakosta mashahidi wote wanakubaliana: macho yanaona unaporomoka, masikio yanahisi unaporomoka. Kwenye simuleta macho yanaapa kwamba unaruka kwa kasi ya ndege ya kivita, huku masikio yakishuhudia kwamba kiti kimeinamishwa kidogo tu. Maelezo yanayokubalika zaidi miongoni mwa watafiti ni kwamba mgongano huo ndio unaoleta kizunguzungu, jasho, mate kujaa mdomoni na hatimaye kutapika.

Kuna kisa kimoja cha kitafiti ambacho kingetosha kufunga mjadala wa ujasiri. Mwishoni mwa miaka ya 1950, jeshi la majini la Marekani pamoja na NASA walianza kuwachunguza wanaume 11 viziwi waliohusiana na Chuo cha Gallaudet, chuo cha viziwi mjini Washington. Karibu wote walikuwa wamepoteza usikivu utotoni kwa homa ya uti wa mgongo, na homa hiyohiyo uliharibu pia viungo vyao vya mizani masikioni. Walizungushwa kwenye mashine, wakarushwa kwenye ndege, wakapelekwa baharini karibu na Nova Scotia wakati bahari imechafuka vibaya. Wao walikaa wakicheza karata. Walioshindwa kuendelea na kazi kwa kutapika walikuwa watafiti wenyewe. Sasa niambieni, nani kati yao alijikaza? Hakuna. Masikio ya kundi moja yalikuwa yanapeleka ripoti ya mwendo, ya kundi jingine hayapeleki. Asiye na kichefuchefu hata kidogo, katika hali yoyote, ndiye mwenye kiungo kisichofanya kazi.

Inafaa pia kujua jinsi mashine hizi zinavyotuhadaa, kwa sababu ukiijua mbinu yake unajua pa kujikinga. Nyingi hukaa juu ya miguu sita inayorefuka na kufupika, mtindo uliotokana na mashine za kufundishia marubani. Star Tours, mchezo wa simuleta uliofunguliwa Disneyland mwezi Januari 1987, ulijengwa kwa teknolojia hiyo ya mafunzo ya ndege. Chumba hakiwezi kukimbia mbele, hakuna nafasi. Basi kinapotaka uhisi unakimbizwa, kinainamishwa nyuma, uzito wako unakukandamiza kwenye kiti, na ubongo ukiwa unatazama picha inayokimbia unaamini ni mwendo kasi. Kisha kinarudishwa polepole mno, ili usihisi, kikijiandaa kwa hila inayofuata. Ni ufundi wa hali ya juu, na ninauheshimu kwa dhati. Lakini ni ufundi wa kupotosha mizani ya mwili, na kila mwili una kiwango chake cha kukubali kupotoshwa.

Marubani waliligundua hili zamani. Ripoti za mwanzo za ugonjwa wa simuleta zilitoka Marekani mwaka 1957 na 1958, kwenye mashine ya kufundishia urushaji wa helikopta. Walioathirika zaidi hawakuwa wanafunzi wageni, walikuwa wakufunzi wazoefu. Miili yao ilishajua helikopta ya kweli inavyotikisika, kwa hiyo iliitambua haraka zaidi ile ya bandia. Watu waliokuwa wakirusha helikopta kama kazi yao ya kila siku walichafukwa na roho ndani ya chumba kilichofungwa sakafuni. Ukimwambia mtu ajikaze, wakumbuke hao.

Basi kinachosaidia ni nini? Kwanza, jua mashine inavyokwenda kabla hujaipanda. Kuna ya kutikisa mbele ya skrini, kuna inayokuzungusha kwelikweli, na kuna inayochanganya, kama Harry Potter and the Forbidden Journey ya Orlando, iliyofunguliwa 2010, ambapo viti vimeshikwa na mkono wa roboti na unapitishwa mara kwenye mandhari halisi, mara mbele ya skrini. Tofauti hizi si ndogo, kwa sababu dawa ya moja huweza kuwa sumu ya nyingine.

Chukua suala la kufumba macho. Kwenye mchezo wa skrini, kufumba macho ni msaada mkubwa kuliko wote, kwa sababu mwendo halisi ni mdogo na uongo wote unaingia kupitia macho. Ukiufunga mlango huo, kinachobaki ni kiti kinachotikisika, jambo ambalo mwili unalimudu. Fumba mapema, roho ikianza tu kuchafuka. Usingoje hadi mate yajae. Kama picha ni ya miwani ya pande tatu, usidhani kuivua kunatosha, kwani utabaki unatazama picha mbilimbili zinazokimbia. Fumba. Kwenye mashine inayozunguka mambo ni mengine: mzunguko unaingia moja kwa moja masikioni, na kufumba macho hakuuzuii. Huko la muhimu ni kichwa. Kiegemeze nyuma na ukitulize, tazama mbele tu, usigeuke kumwangalia jirani yako. Kichwa kikigeuka wakati mwili unazungushwa, majimaji ya ile mirija mitatu husukumwa upande usiotarajiwa na unahisi dunia nzima inapinduka. Nikiambiwa nichague kanuni moja tu ya michezo ya kuzunguka, nitachagua hiyo.

Kiti nacho kina maana, na wahudumu wengi hukubali ukiomba kwa adabu. Picha ya skrini kubwa hutengenezwa ikilengwa kwa mtazamaji wa sehemu fulani, kwa kawaida katikati. Ukikaa pembeni kabisa, mistari inapinda, majengo yanalala, na macho yanapata kazi ya ziada. Omba safu ya kati, katikati ya safu. Mbele kabisa skrini inakumeza. Ni kuzuri kwa wapenda msisimko, kubaya kwetu.

Pumua polepole, kwa kuhesabu. Hili huonekana dogo mno kuwa na faida, lakini limepimwa na watafiti na likaonekana kuahirisha kichefuchefu, ingawa halifikii nguvu ya dawa. Kula kidogo kabla ya kwenda. Tumbo tupu ni baya kama tumbo lililojazwa mafuta. Tangawizi wapo wanaoisifu sana, matokeo ya utafiti yanatofautiana, na kwa kuwa kiasi cha kawaida cha chakula hakiwadhuru watu wengi sina ugomvi nayo. Ile mikanda ya kubana kifundo cha mkono sina imani nayo, ila anayeona inamtuliza avae, maana hofu ya kutapika yenyewe huongeza kichefuchefu, na kinachopunguza hofu si bure.

Dawa ndiyo habari nzito zaidi. Mojawapo ya zinazojulikana zaidi, dimenhidrinati, iligunduliwa kwa bahati mwaka 1947 kuwa inazuia kichefuchefu cha safari, katika hospitali ya Johns Hopkins, Baltimore. Mwanamke aliyekuwa akitibiwa mzio wa ngozi alisema kwamba tangu aanze kidonge kile, safari za tramu hazimchafui tena. Mwaka huohuo ilijaribiwa kwa wanajeshi kwenye meli iliyovuka Atlantiki, na ikafanya kazi. Hadi leo dawa nyingi za safari ni za jamii hiyo ya kuzuia mzio, zile za zamani zinazoleta usingizi. Zile mpya zisizolewesha haziingii vizuri kwenye ubongo, kwa hiyo hazisaidii hapa, na watu wengi hununua hizo bila kujua. Vidonge hivi vinamezwa kabla, nusu saa hadi saa nzima. Ukishachafukwa na roho, tumbo hupunguza kasi ya kusukuma vitu kwenda chini, na kidonge hukaa hapohapo bila kufika kinapotakiwa. Ipo pia plasta ya skopolamini inayobandikwa nyuma ya sikio saa nne kabla na kudumu siku tatu, lakini haiwafai wote, kwa mfano wenye presha ya macho ya aina fulani. Muulize mfamasia au daktari, hasa kwa ajili ya mtoto, mjamzito au anayetumia dawa nyingine. Na mimi siungi mkono kumeza dawa ya usingizi ili tu kuwaridhisha marafiki kwa mchezo wa dakika tano. Meza kama wewe mwenyewe unautaka mchezo huo.

Kwa sababu tunautaka! Hili ndilo wenzetu hawalielewi. Hatukai nje kwa kudharau. Tunaona watu wanatoka macho yanang'aa, nasi tungependa kuona walichokiona. Ndiyo maana naamini sehemu ya mzigo huu ni ya wenye mbuga za burudani. Mission: SPACE, huko Epcot, Florida, ilifunguliwa mwaka 2003 ikiwa na mashine ya kuzungusha watu ili wahisi mkandamizo wa roketi. Watu wakachafukwa kiasi kwamba mifuko ya kutapikia iliwekwa mbele ya viti. Mwaka 2006 wakafanya jambo la akili: wakaugawa mchezo. Upande wa rangi ya chungwa unazunguka, upande wa kijani hauzunguki. Mtu wa kijani hapati mkandamizo ule, lakini anaketi kwenye chombo cha aina ileile na anapata safari yake. Familia nzima inaweza kwenda kwenye mchezo mmoja, kila mtu kwa upande unaomfaa. Natamani kila mchezo mkali wa simuleta ungejengwa hivyo tangu mwanzo. Angalau mabango yaseme wazi: unazunguka, hauzunguki, skrini inachukua sehemu kubwa kiasi gani. Onyo la jumla kuhusu moyo na mgongo halinisaidii kuamua.

Neno kwa wazazi. Watoto wachanga huathirika kwa nadra, kisha hali hupanda na kufikia kilele karibu na miaka 9 au 10, umri uleule wa kuvutwa mkono na kaka na binamu. Mtoto hasemi "nina kichefuchefu". Anasema tumbo linauma, au ananyamaza ghafla, au anapiga miayo mfululizo huku midomo imepauka. Miayo ni dalili ya kweli, si uchovu wa kutembea. Mtoe kwenye foleni inayofuata. Watu wenye kipandauso nao huathirika kirahisi zaidi. Dada yangu yumo katika kundi hilo, na kwake mchezo mmoja wa skrini huweza kuvuruga siku nzima. Akisema hapana, kwetu suala limekwisha.

Mwili huweza kuzoea, tena majeshi ya anga hutumia njia hiyo kuwasaidia marubani wao, lakini mazoea yanajengwa kidogokidogo, kwa kuacha kabla ya kutapika na kurudi siku nyingine. Michezo mitatu ya simuleta kwa mfululizo ili "uzoee" haijengi chochote. Athari hulimbikizana, na mchezo wa tatu unalipa deni la miwili ya kwanza. Mimi hupanga mmoja asubuhi, halafu vitu vya kutembea kwa miguu, halafu pengine mmoja mwingine jioni kama kichwa kiko sawa.

Na kichwa kuwa sawa huchukua muda kuliko watu wanavyodhani. Hata baada ya tumbo kutulia, usingizi mzito, uzito wa kichwa na kuyumba vinaweza kubaki kwa saa kadhaa, na vidonge vikiongezeka juu yake hali inakuwa nzito zaidi. Kuna majeshi yanayomzuia rubani kurusha ndege kwa saa kadhaa baada ya kutoka kwenye simuleta. Sisi tunatoka mchezoni na kwenda moja kwa moja maegeshoni kuwasha gari. Kwa hiyo kubalianeni asubuhi, kabla ya foleni ya kwanza, nani atakayeshika usukani jioni, na huyo abaki na rolakosta.