Safari ya kimasomo Iringa: nani apande basi?

Programu ya ulezi, yaani ya mtu mzima kumwongoza mwanafunzi, ikitaka kuwatoa wanafunzi wa sekondari wa Mbeya nje ya darasa, Iringa huja haraka akilini. Pale Isimila zana za Zama za Mawe unaziona kwa macho, na nguzo za udongo zilizochongwa na mmomonyoko zinamaliza mada ya Jiografia kwenye korongo hilohilo.

Wanaopinga wana hoja, tena nzito. Kwenda tu ni zaidi ya kilomita 300, barabara moja na malori ya Tunduma, na mteremko wa Inyala mkazi yeyote wa Mbeya anaujua kwa habari mbaya. Baada ya ajali ya Karatu ya Mei 2017, iliyoua wanafunzi 32 waliokuwa wakienda kufanya mtihani shule nyingine, hofu ya mzazi haihitaji kuelezwa. Kuna na fedha: ada ya kidato cha kwanza hadi cha nne ilifutwa 2016, lakini nauli, malazi na chakula cha safari havimo humo. Mzazi wa Umalila anayesubiri viazi vipate bei atatoa wapi mchango?

Kwa nini basi wasiende karibu? Kimondo cha Mbozi, chuma cha tani zipatazo 16 kutoka angani, unakwenda na kurudi siku hiyohiyo. Kwa gharama ya kuwalaza wachache Iringa, mkondo mzima ungekiona. Nakubali, kwa sehemu kubwa.

Kinachonizuia kukubali yote ni Kalenga, kijiji cha Iringa lilipo jumba la makumbusho lenye fuvu la Mkwawa, mtawala wa Wahehe aliyepigana na Wajerumani. Mkwawa alijiua 1898 asikamatwe, Wajerumani wakachukua kichwa chake. Mkataba wa Versailles wa 1919 ukaagiza fuvu lirudishwe, halikurudi. Mwaka 1953 Gavana wa Tanganyika, Edward Twining, akaenda Bremen, Ujerumani, kwenye jumba la makumbusho lililojaa mafuvu, akachagua moja ambalo vipimo vyake vilikaribiana na vya vichwa vya ndugu wa Mkwawa. Likakabidhiwa Juni 1954. Wapo wanahistoria wanaotilia shaka kama ndilo lenyewe. Mpe mwanafunzi wa kidato cha tatu habari hiyo akiwa amesimama mbele ya kioo: vipimo hivyo vinathibitisha nini? Kwa nini serikali ya kikoloni ilitaka kulirudisha wakati ule? Kimondo unakishangaa, fuvu unabishana nalo. Ila mlezi asipojiandaa na maswali ya namna hii, watoto watapiga picha na kununua karanga za njiani, na hapo wapingaji watakuwa wameshinda kihalali.

Ninapotofautiana na watetezi ni kwenye orodha ya majina. Programu ikigharamia yote, viti huwa vichache, na kishawishi ni kuvigawa kama zawadi kwa wanaoongoza na wanaojua kuongea mbele ya mgeni. Hao wangefika Iringa siku moja hata bila programu, pengine kwa kuchaguliwa Chuo Kikuu Kishiriki cha Mkwawa. Mimi ningechagua kwa kura ya bahati kutoka kidato cha tatu chote, nikawaacha kidato cha nne na mtihani wao wa Novemba, na gari lisitembee usiku.

Mwalimu wa taaluma atalalamika kuwa kura inaweza kumpa kiti mtoro. Inaweza, ndiyo. Na ulezi ulianzishwa kwa ajili ya nani, kama si huyo?