Nionyeshe chuma kabla hujakipaka

Geti la Hajati, kule Njeru, Uganda, ng'ambo ya mto Nile, lilikaa zuri miezi mitano tu. Nililipaka mimi mwenyewe, glosi (rangi ya juu inayong'aa) ya buluu, mikono miwili, yaani matabaka mawili, na siku niliyomaliza majirani zake walikuja kulitazama. Mwezi wa sita akanipigia simu. Nilipofika niliingiza ncha ya kisu cha kukwangulia chini ya uvimbe mdogo karibu na bawaba, nikanyanyua taratibu, na rangi ikachunika kipande kizima, kipana kama chapati. Nyuma ya kipande kile kulikuwa na wekundu wa praima, ile rangi ya kwanza ya msingi, safi kabisa, wala haujakwaruzika. Chuma kilichobaki kilikuwa cheusi, laini, kinateleza kama sahani iliyooshwa.

"Mwanangu," Hajati akaniuliza, "kwani ile rangi ilikuwa ya maji?"

Haikuwa ya maji. Ilikuwa ya mafuta, na kopo nililifungua mbele yake. Kasoro ilikuwa chini. Geti lilikuja kutoka karakana likiwa tayari jekundu, nami nikaamini kwamba jekundu maana yake limepigwa praima na kazi ya msingi imekwisha. Nilikaa siku tatu pale na grainda na brashi ya waya, nikalirudia lote bila kumdai Hajati hata shilingi, kwa sababu mimi ndiye niliyelipokea bila kuuliza swali.

Tangu hapo nina msimamo mmoja, na ndio ninaotaka kuutetea hapa: ukiagiza geti, mlango au grili, nenda karakana ukaone chuma kikiwa kitupu kabla brashi ya kwanza haijakigusa. Usimalize kulipa kabla ya kuona. Mafundi wengine hawapendi kusikia hivyo, najua. Lakini rangi nyekundu ikishakauka, mimi na wewe na fundi mwenyewe hatuwezi tena kujua kilichofichwa.

Ule weusi wa geti la Hajati ni magamba yanayobaki juu ya chuma tangu kinapopitishwa kwenye roli za kiwanda kikiwa bado chekundu kwa moto. Ukiyatazama utadhani ndiyo chuma chenyewe. Hayajashikamana nacho sawasawa. Unyevu ukipenya penye ufa mdogo, kutu huanza chini kwa chini, tena kwa kasi zaidi, maana magamba hayo yakikutana na chuma kitupu penye maji huichochea kutu badala ya kuizuia. Baadaye gamba hunyanyuka na kubeba kila kitu kilicho juu yake. Praima ilishika vizuri sana pale Njeru. Ilishika gamba.

Nimejiuliza mara nyingi kwa nini tunauamini wekundu kiasi hiki. Nadhani tumerithi. Zamani chuma cha madaraja, meli na mabomba kilipakwa praima nyekundu iliyotengenezwa kwa madini ya risasi, na ile kweli ilipambana na kutu. Lakini risasi ni sumu, huharibu ubongo wa mtoto, na Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango chake kinachojulikana kuwa salama. Praima nyekundu tunayonunua leo, ile tunayoiita redi oksaidi, hupata rangi yake kutoka kwa oksaidi ya chuma, ambayo ni ndugu wa damu wa kutu yenyewe. Wekundu wake hauzuii lolote. Kinachozuia ni gundi iliyo ndani yake na jinsi ilivyoshika chuma, na kwenye kopo zuri ni dawa nyingine za kupinga kutu zilizochanganywa humo. Kwa hiyo mtu akikwambia "hili nimelipiga redi oksaidi", hajakwambia kitu bado.

Ukifika karakana, pitisha kidole kwenye maungio. Kulehemu huacha matone madogo magumu yaliyoganda pembeni, na takataka nyeusi za kioo juu ya mshono. Praima haishiki hapo, na kutu ya geti karibu kila mara huanzia hapo. Yagongwe, yasagwe. Halafu tazama kingo za bapa na pembe za bomba: rangi ikiwa bado mbichi hujivuta kutoka kwenye ncha kali, ikabaki nyembamba kama karatasi. Mimi sasa kingo zote na maungio yote navipiga kwanza kwa brashi ndogo peke yake, nangoja vikauke, ndipo naupaka uso mzima. Fundi mmoja wa Katwe aliniona nikifanya hivyo akadhani napoteza muda. Geti lile ni la miaka mitano sasa, na kingo zake bado hazijaota kutu.

Kisha mafuta. Chuma kipya huja na mafuta ya kukilinda, na mikono ya mafundi huongeza ya kwake. Pangusa kwa tambara lenye thina, geuza tambara, pangusa tena kwa upande safi. Fanya hivyo kabla ya msasa, maana ukianza na msasa unayasugua mafuta yaingie kwenye mikwaruzo.

Piga hesabu pia, haimhitaji mhandisi. Geti la mita 4 kwa mita 2.4 lina karibu mita 10 za mraba kila upande, pande mbili ni 20. Lita moja ya praima isiyozimuliwa kupita kiasi hufunika mita 10 za mraba hivi. Mkono mmoja ni lita 2, mikono miwili ni lita 4, yaani galoni nzima. Ukiambiwa lita moja imelitosha geti zima, basi nyingine ilikuwa petroli. Hili linaniudhi kuliko yote, na nimeliona kwa macho yangu zaidi ya mara moja: kijana anatumwa kwa bodaboda kuleta chupa ya petroli ili praima "iende mbali". Inaenda mbali kweli, na inabaki nyembamba kiasi kwamba chuma kinaonekana kwa nyuma. Mafuta ya taa nayo huchelewesha kukauka na huacha utelezi. Tena watu wanachomelea hatua tatu kutoka kwenye ile chupa!

Mabati ni habari nyingine. Bati jipya lina ngozi ya zinki, na rangi ya kawaida ya mafuta ikipakwa moja kwa moja juu ya zinki hugeuka sabuni. Nasema sabuni kwa maana yake halisi: mafuta yaliyo ndani ya rangi hukutana na zinki na unyevu, na katikati hutokea utando laini usioshika. Ndiyo maana paa lililopakwa vizuri mwezi Januari huanza kubanduka vipande vipande kabla mwaka haujaisha. Redi oksaidi ya mafuta haikuokoi hapo, inaoza vilevile. Tafuta praima iliyoandikwa wazi kwenye kopo kwamba ni ya mabati, au acha bati lipigwe na jua na mvua mwaka mmoja, lioshwe, ndipo lipakwe. Wapo wanaoliosha kwa siki kwanza ili kuuondoa mng'ao. Husaidia kidogo, lakini siki si mbadala wa praima.

Sasa kwa kitu kilichokwisha kupakwa rangi, msimamo wangu unageuka, na hapa ndipo wateja wengi hunishangaa. Wanataka nikwangue kila kitu. Mimi nasema hapana: rangi ya zamani iliyoshika vizuri ni msingi bora kuliko wowote utakaonunua dukani. Imeshapita majira mangapi ya mvua hapo ilipo? Imeshatoa ushahidi wake. Kwa nini uiondoe uweke mgeni?

Kazi yako ni kuijua. Kata kwa wembe alama ya X mpaka chumani, bandika selotepu juu yake, isugue kwa kucha, ing'oe kwa nguvu. Tepu ikitoka tupu, rangi hiyo ibaki. Ioshe kwa sabuni, iache ikauke, ipigie msasa mpaka mng'ao wote ufe, kisha weka praima mahali palipo wazi tu, ukilainisha ukingo wa rangi ya zamani ili usionekane ngazi. Hakuna haja ya kupiga praima uso mzima. Tepu ikitoka na rangi, jaribu sehemu tatu nne nyingine kabla ya kukata shauri.

Ujue pia ni rangi gani. Chovya pamba kwenye spiriti, sugua kidogo. Ikilainika na kuchafua pamba, ni ya maji. Isipochafua, kuna uwezekano mkubwa ni ya mafuta. Na ikiwa ni ya mafuta, usithubutu kuweka juu yake rangi ya magari yenye thina kali. Itakunjamana mbele ya macho yako kama ngozi ya maziwa yaliyochemka, na hapo ndipo utakapolazimika kukwangua yote.

Kuna vitu ambavyo kweli vinapaswa kukwanguliwa. Milango ya chuma ya maduka katika senta zetu ni mfano mzuri. Kampuni moja inakuja inapaka manjano, baada ya miaka miwili nyingine inapaka nyekundu, halafu buluu, na vijana wao hupaka juu ya vumbi, juu ya mabango yaliyobandikwa, juu ya kinyesi cha popo. Niliwahi kuhesabu matabaka saba kwenye ukingo wa kipande kilichoanguka Bugembe. Rangi nene hivyo hukakamaa, chuma kinapanuka kwa jua na kusinyaa usiku, yenyewe haiwezi kufuata. Hapo hakuna praima duniani itakayosaidia.

Ila kwenye nyumba kongwe, za wakati lile bwawa la umeme la Owen Falls hapa kwenye Nile linafunguliwa mwaka 1954 na za kabla ya hapo, nakuomba usikwangue kavu. Madirisha ya chuma ya nyumba hizo yanaweza kuwa na rangi ya risasi chini kabisa. Lowesha kwanza, tumia msasa wa maji, tandika nailoni chini, kusanya uchafu wote, na watoto wasiwepo. Grainda usiiwashe. Vumbi lile huingia kwenye michanga wanayochezea.

Kuhusu hali ya hewa sitasema mengi. Hapa ziwani asubuhi chuma hutoa jasho hata kama hakikunyeshewa. Futa kwa tambara bichi, tazama: unyevu ukitoweka ndani ya robo saa, paka. Ukiendelea kung'aa, ngoja jua. Na mchana kiganja kisipoweza kukaa juu ya chuma, ngoja kipoe.

Kinachonisikitisha ni zile nyumba tunazozijenga pole pole. Watu wetu hununua geti na grili mapema kwa hofu ya wezi, halafu pesa zinaisha, na vyuma vinakaa na praima peke yake misimu minne, sita ya mvua. Praima haikutengenezwa kukaa peke yake nje. Ina vitundu, inapitisha maji, na siku pesa zikipatikana fundi anapaka glosi juu ya kutu iliyokwisha kuingia. Kama huna pesa ya rangi unayoitamani, weka mkono mmoja wa glosi yoyote ya bei nafuu, hata kama rangi yake huipendi. Utaipigia msasa baadaye na itakuwa msingi wako.

Mwezi uliopita Hajati aliagiza mlango wa jikoni. Tulikwenda naye karakana, akaomba kiti, akakaa mbele ya ule mlango mtupu wa kijivu, akapitisha kidole chake kwenye kila mshono. Alipata matone mawili. Kijana akayasaga, Hajati akayapapasa tena, ndipo akafungua mkoba.