Gesi kwenye buti: hesabu ya dereva wa teksi si hesabu yangu

Nina Toyota Mark II ya mwaka 2001, GX110, yenye injini ya 1G-FE, silinda sita zilizopangwa mstari mmoja. Nalipenda gari hili. Ukipanda nalo mlima Kitonga, njia ya Iringa, kwa gia ya pili, injini inavuta bila kutetemeka, na usukani unakuambia kila kinachotokea kwenye tairi. Mjini ndiko tunakogombana. Kutoka Goba hadi Mwenge, kwa foleni ya asubuhi, lita moja hainivushi kilomita nane. Tangu Agosti 2022, petroli ilipofika shilingi 3,410 kwa lita hapa Dar es Salaam, watu wamekuwa wakiniuliza swali lilelile: mbona hufungi gesi, yaani mtungi wa gesi asilia kwenye buti na mfumo wa kuichoma badala ya petroli?

Anayeniuliza kwa msisitizo zaidi ni jirani yangu, dereva wa teksi mtandao mwenye Toyota IST, gari dogo. Yeye alishafunga, na hoja yake ina uzito. Tufanye hesabu. Tuchukulie petroli ni 3,000 kwa lita na gesi ni 1,550 kwa kilo. Kilo moja ya gesi asilia ina nishati ya karibu lita moja na nusu ya petroli. IST inayokwenda kilomita 13 kwa lita itakwenda kama 18 kwa kilo, ukiondoa upotevu kidogo. Kwa petroli kila kilomita inamgharimu shilingi 231, kwa gesi 86. Kama kufunga mfumo kumemgharimu milioni mbili, fedha hiyo inarudi baada ya kilomita 13,800 hivi. Kwa mtu anayezunguka kilomita 150 kwa siku, hiyo ni miezi mitatu. Baada ya hapo kila safari inamwachia kitu mfukoni, na kwa familia inayoishi kwa gari moja hilo ni jambo kubwa sana.

Kuna hoja nyingine ambayo yeye huitaja mara chache, lakini mimi inanigusa. Gesi hii ni yetu. Iligunduliwa Songo Songo, Kilwa, mwaka 1974, na tangu 2004 inafika Dar es Salaam kwa bomba na kuzalisha umeme. Petroli inakuja kwa meli na kulipiwa kwa dola. Kila kilo inayochomwa kwenye bajaji ya Mbagala ni dola iliyobaki nchini. Kinachoniuma ni kwamba gesi imepita chini ya mji huu zaidi ya miaka 20, na bado madereva wanalala kwenye foleni ya kujaza.

Foleni ndiyo inayoharibu hesabu ya jirani. Mtungi wa lita 60 unabeba takribani kilo 10, yaani kilomita 180 kwa IST. Dereva wa petroli hujaza tenki na kulisahau siku mbili tatu. Wa gesi anarudi kituoni karibu kila siku, na akikaa saa tatu pale, abiria wa saa hizo wamekwenda na mwingine. Vituo vimeongezeka, na hicho cha TPDC, shirika la umma la mafuta na gesi, jirani na Chuo Kikuu, barabara ya Sam Nujoma, kimepunguza adha. Lakini magari yanayofungwa gesi nayo yanaongezeka. Kama kuna shilingi ya umma ya kutumika kwenye usafiri wa mji huu, ningeitaka iende kwenye vituo kwanza, kabla ya kuhamasisha mtu mwingine yeyote kufunga.

Kuhusu hofu ya kulipuka, nadhani wengi wanachanganya na mtungi wa kupikia. Gesi ya jikoni ni nzito kuliko hewa, ikivuja inatulia chini ikisubiri cheche. Gesi asilia ni nyepesi, inapaa na kutawanyika. Cha kuogopa ni presha: mtungi unajazwa hadi baa 200, zaidi ya mara 80 ya presha ya tairi lako. Mtungi usio na cheti, au uliofungwa na fundi wa uchochoroni, usiukaribie hata kama ni wa bure. Taasisi ya Teknolojia Dar es Salaam (DIT) wanafunga, na karakana nyingine zinazotambulika zipo.

Sasa injini yenyewe. Gesi inachukua nafasi ya hewa ndani ya silinda, kwa hiyo nguvu inapungua kama asilimia kumi. Inaungua polepole kuliko petroli, hivyo inataka cheche iwahi kidogo, na plagi na koili zilizochoka zitajulikana siku ya kwanza. Oktani yake, yaani uwezo wa kuhimili mgandamizo bila injini kugonga, ni kubwa, zaidi ya 120, lakini injini iliyoundwa kwa petroli haiwezi kuifaidi. Tena wapo madereva wanaotembea na tenki karibu tupu kwa kuwa wana gesi. Pampu ya petroli iko ndani ya tenki na inapozwa na petroli hiyohiyo. Wanaiunguza, halafu wanalaumu gesi.

Kwangu mimi, hesabu inageuka. Natembea kilomita 500 kwa mwezi. Hata kwa ulaji wa gari hili, milioni mbili zingerudi baada ya mwaka na miezi mitano hivi, na muda huo wote ningebeba chuma cha kilo 60 juu ya ekseli ya nyuma, kwenye gari la kuendeshwa na tairi za nyuma ambalo uzuri wake wote uko kwenye uwiano wa uzito mbele na nyuma. Nikienda Iringa, buti halina nafasi ya gunia, na nje ya Dar nitaendesha kwa petroli karibu njia nzima.

Wengine wanasema nisubiri gari la umeme. Bwawa la umeme la Nyerere limeongeza megawati 2,115, na chaji ya nyumbani ni rahisi kuliko gesi kwa kila kilomita. Naamini tutafika huko. Lakini Nissan Leaf za kwanza, gari la umeme, zinazouzwa kwa bei ya kuvutia hazina mfumo wa maji wa kupoza betri, na joto la Dar litaimaliza betri kabla hujaizoea. Ukinunua, pima afya ya betri kwanza.

Mimi nimebadilisha plagi, koili mbili na sensa ya oksijeni, nikasafisha injekta. Nilikuwa chini ya kilomita saba kwa lita, sasa nakaribia nane. Jirani ameamua kujaza saa kumi alfajiri, foleni ikiwa fupi. Namsikia akiwasha gari gizani, kwa petroli kwanza, hadi maji yapate moto na mfumo uhamie kwenye gesi.