Rekodi ya Nikkei isiwapumbaze

Kuna makala inayosema Nikkei 225, fahirisi (kipimo cha mwenendo wa bei) ya hisa za kampuni 225 za Japani, ikikaribia rekodi, basi soko zima la Tokyo limepanda. Jamani, hapana. Fahirisi hii hupimwa kwa bei ya hisa, si kwa ukubwa wa kampuni. Hisa ghali kama ya Fast Retailing, wenye maduka ya Uniqlo, ikiruka siku moja inaivuta juu hata kama kampuni nyingi zimeshuka. Linganisheni na TOPIX, fahirisi nyingine ya Tokyo inayopimwa kwa ukubwa wa kampuni, kabla ya kununua. Gawio, yaani faida ambayo kampuni huwagawia wenye hisa, nalo halihesabiwi kwenye Nikkei: kilele cha pointi 38,915 cha Desemba 29, 1989 hakikuvukwa hadi Februari 22, 2024, na miaka yote hiyo gawio ndilo lililowafaa waliovumilia. Anayenunua kwa dola aangalie na yeni, sarafu ya Japani. Ikishuka asilimia 10, faida ya asilimia 10 imeyeyuka.