Kriketi yetu haikuanza 2003
Kuna makala inayodai eti kriketi ya Kenya ilizaliwa 2003 tulipofika nusu fainali ya Kombe la Dunia. Mwandishi wake angeuliza wazee wa mtaa wa Ngara, Nairobi, kwanza. Klabu za Nairobi zilikuwepo miaka mingi kabla ya hapo, nyingi zikiwa za jumuiya za Waasia: Aga Khan, Sir Ali Muslim, Swamibapa. Sisi watoto wa mtaa tulitundika vibao vya namba kwenye ubao wa matokeo wakati wa mechi, malipo sambusa mbili na chai wakati wa mapumziko, na ole wako ukose hesabu! Tena hapa Nairobi, uwanja wa Gymkhana, ndipo Shahid Afridi wa Pakistan alipofikisha mikimbio (pointi) 100 kwa mipira 37 tu aliyorushiwa mwaka 1996. Kuna klabu bado inatundika vibao kwa mkono?